Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Tazama usukani wa baiskeli mpya. Unang'aa kama kioo, na ukiusogelea utaiona sura yako ndani yake. Sasa litazame jembe lililosahauliwa shambani wakati wa masika. Limevaa kutu nyekundu, na ukilikwaruza kwa ukucha, kutu hiyo hupukutika kama unga. Usukani ni wa chuma, na jembe nalo ni la chuma. Kwa nini basi mvua iliharibu jembe, lakini usukani ukinyeshewa hubaki uking'aa?

Sababu ni kwamba usukani umevikwa nguo ya metali. Ndani kuna chuma. Juu ya chuma kuna utando wa nikeli, na juu ya nikeli kuna utando mwembamba mno wa metali iitwayo kromiamu. Utando huo haukupakwa kwa brashi kama rangi ya mlango. Uliwekwa kwa nguvu ya umeme, usukani ukiwa umezamishwa ndani ya birika la maji yenye dawa. Kazi hiyo huitwa kuchovya kwa umeme. Bila shaka umewahi kusikia watu wakizungumza juu ya mkufu wa dhahabu ya kuchovya. Maana yake ni kwamba mkufu huo si wa dhahabu tupu, bali ni wa metali ya bei nafuu iliyovikwa dhahabu kwa nje.

Fundi wa kuchovya hujuaje kwamba umeme utaweka metali kiasi gani, na kwa muda gani? Hesabu hiyo ilipimwa kwa mara ya kwanza na mtu mmoja ambaye hakupata kusoma hata shule ya sekondari. Jina lake ni Michael Faraday. Katika sura hii utasoma habari za maisha yake.

Utoto wa dhiki

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, mahali paitwapo Newington, karibu na London, mji mkuu wa Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mhunzi. Alifua viatu vya farasi na vyombo vingine vya chuma. Lakini alikuwa mtu wa maradhi, na siku nyingi hakuweza kuinua nyundo. Siku ambayo mhunzi hafanyi kazi, nyumba yake haipati chakula. Inasimuliwa kwamba katika mwaka 1801, nafaka ilipokuwa ghali, Michael alipewa mkate mmoja tu, akatakiwa umtoshe kwa juma zima.

Katika shule Michael alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Mwaka 1804 alianza kazi ya utarishi katika duka la vitabu la Bwana George Riebau. Kila asubuhi alizunguka mitaani akipeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata Bwana Riebau, ambaye aliiona bidii ya kijana huyu, alimchukua awe mwanagenzi wake wa kujalidi vitabu, wala hakumdai ada. Uanagenzi huo ulikuwa wa miaka saba.

Mwanagenzi asomaye anachojalidi

Kazi ya mjalidi ni kushona kurasa na kuzitia jalada. Hakuna amlazimishaye kuzisoma. Michael alizishona, kisha alizisoma. Kitabu kimoja kilikuwa na makala ndefu juu ya umeme. Kingine kiliandikwa na Bibi Jane Marcet, nacho kilieleza kemia kwa lugha nyepesi. Vitabu hivyo viwili viligeuza maisha yake.

Zingatia jambo hili, ewe mwanafunzi. Michael hakuridhika kwa sababu tu jambo limeandikwa kitabuni. Alitaka kulijaribu kwa mikono yake mwenyewe. Alitumia senti zake chache kununua chupa na dawa, akafanya majaribio madogo madogo baada ya saa za kazi. Palipokuwa na mihadhara ya sayansi mjini, yenye kiingilio cha shilingi moja, kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi, alimpa shilingi hiyo.

Mwaka 1812 Michael alitengeneza betri yake ya kwanza. Alichukua sarafu saba za shaba na vipande saba vya zinki vyenye ukubwa wa sarafu hizo. Alivipanga kimoja juu ya kingine, na baina yake akaweka karatasi zilizoloweshwa katika maji ya chumvi. Kisha aliunganisha waya, akazitia ncha zake katika maji yenye chumvi ya haluli. Umeme uliopita ndani ya maji yale uliichambua chumvi ile. Kijana wa miaka 20, asiye na maabara wala mwalimu, aliona kwa macho yake kwamba umeme unaweza kutenganisha vitu vilivyoungana. Juu ya jambo hilo hilo ndipo kazi ya kuchovya metali ilipojengwa baadaye.

Mlango wa maabara

Wakati huo mwanasayansi aliyesifiwa kuliko wote katika Uingereza alikuwa Humphry Davy, wa taasisi iitwayo Royal Institution mjini London. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, Bwana William Dance, alimpa Michael tikiti za kumsikiliza Davy mara nne. Michael aliketi, akasikiliza, akaandika. Nyumbani aliyanakili maelezo yote kwa mwandiko safi, akachora picha za vyombo, kisha akayajalidi yakawa kitabu.

Uanagenzi wake ulikwisha mwezi Oktoba mwaka huo huo. Sasa alikuwa fundi kamili wa kujalidi, naye angeweza kupata riziki yake kwa kazi hiyo maisha yake yote. Lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi. Alikuwa amekwisha mwandikia barua mkuu wa chama cha wanasayansi wa Uingereza, akiomba kazi yoyote ile. Hakujibiwa. Mwezi Desemba alimwandikia Davy, na pamoja na barua alimpelekea kile kitabu alichokijalidi.

Davy alimwita. Alimweleza kwamba hana nafasi, akamshauri asiiache kazi yake ya vitabu, kwa kuwa sayansi haina malipo makubwa. Michael alirudi dukani. Miezi michache baadaye msaidizi mmoja wa maabara alifukuzwa kwa sababu ya ugomvi. Davy alimkumbuka yule kijana wa kitabu. Tarehe 1 Machi 1813 Michael Faraday aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Alipewa vyumba viwili vya juu katika jengo lile lile, na kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kuandaa vyombo na kusaidia katika majaribio.

Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Kabla ya Faraday kuajiriwa, Davy aliumia macho kwa mlipuko wa dawa. Faraday naye alijeruhiwa na dawa ile ile alipokuwa akimsaidia bwana wake.

Mwezi Oktoba 1813 Davy alifunga safari ndefu ya kwenda Ufaransa, Italia na nchi nyingine za Ulaya, akafuatana na Faraday. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, basi Faraday akatakiwa afanye kazi za mtumishi pia. Mke wa Davy alimtendea kama mtumwa wa nyumbani, naye alikaribia kukata tamaa na kurudi kwao. Alivumilia. Katika safari hiyo alikutana na wanasayansi mashuhuri, pamoja na Alessandro Volta, Mwitalia aliyevumbua betri. Aliporudi London mwaka 1815 alikuwa ameona na kujifunza mambo ambayo wengine hujifunza katika chuo kikuu.

Chuma na kromiamu

Kuanzia mwaka 1818 hivi, Faraday alishirikiana na James Stodart, fundi wa visu, kutafuta chuma bora. Mwana wa mhunzi alirudi penye moto na chuma, lakini safari hii kwa mizani na vipimo vya kemia. Waliyeyusha feleji wakaichanganya na metali mbalimbali, kama vile fedha na platini, ili waone kama itakuwa kali zaidi na kama haitashika kutu upesi. Mojawapo ya metali walizozijaribu ni kromiamu.

Kromiamu ilikuwa metali ngeni. Iligunduliwa na Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin mwaka 1797. Misombo yake ina rangi nyingi za kupendeza, kama nyekundu, manjano na kijani; ndiyo sababu ilipewa jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi. Metali yenyewe ni nyeupe yenye dalili ya buluu, nayo ni ngumu sana. Majaribio ya Faraday na Stodart hayakuleta biashara kubwa wakati ule, kwa kuwa metali walizotumia zilikuwa adimu na ghali. Lakini leo chuma kisichoshika kutu, kile kinachotumiwa kutengenezea sufuria na visu, huchanganywa na kromiamu.

Siku za lawama

Mwaka 1821 Faraday alimwoa Sarah Barnard, na katika mwaka huo huo alipata ushindi wake mkubwa wa kwanza. Alifaulu kuufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kukoma. Chombo hicho kidogo ndicho babu wa mota zote za umeme.

Lakini ushindi huo ulimletea huzuni. Mwanasayansi mwingine, William Wollaston, alikuwa amezungumza na Davy juu ya wazo linalofanana na hilo. Faraday aliharakisha kuchapisha habari zake bila kumtaja Wollaston, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mwana wa mhunzi ameiba wazo la wakubwa. Kwa mwanasayansi, lawama ya wizi ni nzito kuliko umaskini. Faraday alimwendea Wollaston mwenyewe, akamweleza kazi yake ilivyokwenda. Baadaye Wollaston alikuja kuliona jaribio lile kwa macho yake.

Jina la Faraday lilipopendekezwa aingizwe katika chama cha wanasayansi, yaani Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wa chama, ndiye aliyempinga. Alimtaka aliondoe jina lake. Fikiri ungefanya nini kama mwalimu aliyekufungulia mlango angesimama mlangoni akuzuie usiingie. Faraday hakukubali kuliondoa jina, lakini wala hakumtukana Davy. Mwezi Januari 1824 kura zilipigwa, naye akachaguliwa. Kura moja tu ilimkataa. Mpaka mwisho wa maisha yake Faraday aliendelea kumtaja Davy kwa heshima, na tangu wakati ule alikuwa mwangalifu sana kutaja kazi za wenzake.

Sumaku yazaa umeme

Mwaka 1831 Faraday aligundua jambo kubwa kuliko yote aliyokwisha yagundua. Aliviringa waya mrefu wa shaba ukawa koili. Alipoisukuma sumaku ndani ya koili, mkondo wa umeme ulipita katika waya. Alipoivuta sumaku nje, mkondo ulipita tena, lakini kwa upande wa pili. Sumaku ilipotulia, umeme ulikoma. Mwendo wa sumaku ndio uliozaa umeme.

Majenereta ya umeme yaendeshwayo kwa nguvu ya maporomoko ya maji hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ukumbuke jambo hili, maana tutalirudia tutakapofika katika karakana ya kuchovya.

Kupima kazi ya umeme

Watu walikuwa wakijua tangu zamani kidogo kwamba umeme ukipita ndani ya maji yenye chumvi ya metali, metali hiyo huweza kujitenga na kuganda juu ya waya. Mwaka 1805 Mwitalia Luigi Brugnatelli alitumia betri ya Volta kuvika medali za fedha utando wa dhahabu. Lakini hakuna aliyejua hesabu yake. Je, waya mkubwa ungepata metali nyingi kuliko mdogo? Je, maji yakiwa na chumvi nyingi, metali itaongezeka? Kila mtu alikuwa na maoni yake.

Katika miaka ya 1833 na 1834 Faraday alikata maneno kwa kupima. Alibadili ukubwa wa waya na mabamba, akapima. Alibadili nguvu za maji yale, akapima. Alibadili betri, akapima tena. Kila mara aliona jibu lile lile: kiasi cha kitu kinachotengwa hutegemea kiasi cha umeme uliopita. Umeme ukiwa mara mbili, kitu kinachotengwa huwa mara mbili. Ukiwa nusu, nacho huwa nusu. Tena aligundua kwamba kila metali ina kipimo chake. Umeme ule ule hutoa uzito mmoja wa shaba na uzito mwingine wa fedha, lakini vipimo hivyo havibadiliki.

Hebu tuone mfano. Mkondo wa ampea 1 ukipita kwa saa 1 huweza kuweka karibu gramu 1.2 za shaba. Ukipita kwa saa 2, utaweka karibu gramu 2.4. Mkondo huo huo wa ampea 1, kwa saa 1, huweka karibu gramu 4 za fedha.

Faraday alihitaji maneno mapya ya kuelezea kazi hii. Aliomba msaada kwa mtaalamu wa lugha za kale, William Whewell, na kwa pamoja walipata majina yanayotumiwa mpaka leo duniani pote:

Elektroliti ni kimiminiko kinachopitisha umeme na kuchambuliwa nao.
Elektrodi ni waya au bamba linaloingiza au kutoa umeme katika kimiminiko hicho.
Anodi ni elektrodi iliyounganishwa na ncha chanya ya betri.
Kathodi ni elektrodi iliyounganishwa na ncha hasi ya betri.
Ioni ni chembe ndogo mno zenye chaji, zinazosafiri katika kimiminiko.

Ioni za metali huwa na chaji chanya. Kwa hiyo huvutwa kuelekea kwenye kathodi, na huko huganda zikawa utando wa metali. Ndiyo sababu chombo kinachotakiwa kuchovywa hufungwa kwenye ncha hasi.

Karakana za kuchovya

Kabla ya kuchovya kwa umeme kuenea, mafundi walivika vyombo dhahabu kwa kutumia zebaki. Waliichanganya dhahabu na zebaki, wakaupaka mchanganyiko huo juu ya chombo, kisha wakakichoma moto. Zebaki iliondoka kama moshi, na dhahabu ikabaki. Lakini moshi huo ni sumu. Mafundi wengi walitetemeka mikono, wakang'oka meno, na wengine wakafa. Chombo kilichopendeza mezani kwa tajiri kilikuwa kimegharimu afya ya fundi.

Mwaka 1840 jamaa wa Elkington wa mji wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza ya kuchovya dhahabu na fedha kwa umeme. Mwanzoni walitumia betri. Kisha, mwaka 1844, fundi John Woolrich alitengeneza jenereta kubwa yenye sumaku kwa ajili ya kazi hiyo, naye aliitengeneza kwa kanuni ya Faraday ya mwaka 1831. Hivyo karakana za kuchovya zilipata kutoka kwa Faraday mambo mawili: hesabu ya kujua umeme utafanya kazi kiasi gani, na njia ya kuupata umeme wenyewe.

Kuchovya kromiamu kulichelewa sana. Ni katika miaka ya 1920 ndipo wataalamu, akiwamo Colin Fink wa Columbia University mjini New York, Marekani, walipoipata njia iliyofaa viwanda. Leo kazi hiyo ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya pambo. Chombo husafishwa na kung'arishwa, huchovywa nikeli, na mwisho huchovywa kromiamu. Utando huo wa kromiamu ni mwembamba kiasi kwamba haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Nikeli ndiyo inayokinga chuma hasa. Kromiamu huilinda nikeli isififie wala kukwaruzika. Bomba za maji, usukani wa baiskeli na bampa za magari ya zamani ni mifano yake.

Namna ya pili ni ya mitambo. Hapa utando wa kromiamu huwa mnene zaidi, na hauwekwi kwa ajili ya uzuri, bali kwa sababu ni mgumu na hausagiki upesi. Ile fimbo inayong'aa inayosukuma bodi la lori la kumwaga mchanga huchovywa namna hiyo.

Tahadhari ya karakana

Sasa sikiliza kwa makini. Kromiamu ni metali ngumu kuitoa katika maji. Sehemu kubwa ya umeme haiweki metali, bali hutoa mapovu ya gesi ya haidrojeni. Mapovu hayo yakipasuka juu ya birika hurusha angani matone madogo mno ya asidi ya kromiamu. Asidi hiyo ni sumu kali. Hutoboa ngozi, huleta vidonda ndani ya pua, na mtu anayeivuta kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya mapafu. Kwa hiyo karakana njema huwa na mashine za kuvuta hewa chafu, na mafundi huvaa glavu na mavazi ya kujikinga. Maji machafu hayamwagwi mtoni kabla ya kuondolewa sumu. Siku hizi viwanda vingi hutumia dawa nyingine ya kromiamu yenye hatari ndogo zaidi, hasa kwa kazi za pambo.

Faraday mwenyewe alijali usafi wa maji. Mwezi Julai 1855, alipokuwa akisafiri kwa meli katika mto Thames mjini London, aliona maji yamekuwa machafu na yananuka. Alichana kadi nyeupe, akazilowesha na kuzitupa majini mahali mbalimbali. Zilipotea machoni kabla hazijazama hata kidole kimoja. Aliandika habari hiyo katika gazeti, akiwaonya watawala kwamba uzembe huo utaleta maafa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1858, uvundo wa mto ulizidi hata wabunge wakashindwa kukaa katika jengo lao. Ndipo serikali ikaanza kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu.

Mwisho wa maisha yake

Faraday alipenda kuwafundisha watoto. Mwaka 1825 taasisi yake ilianzisha mihadhara ya sayansi kwa vijana wakati wa Krismasi, naye aliitoa kwa miaka 19. Mihadhara ya mwisho aliyoitoa ilihusu mshumaa, kwa maana aliamini kwamba hata katika mwali mdogo mna mambo ya kutosha kumfunza mtu sayansi.

Alikuwa mtu wa dini, hakutafuta mali wala vyeo. Alipotakiwa kuwa rais wa chama kile kile ambacho Davy alimpinga asiingie, alikataa kwa adabu. Akili yake ilichoka mapema. Kumbukumbu zake zilianza kumponyoka alipokuwa bado mtu wa makamo. Lakini alikuwa na desturi moja iliyomwokoa: kila jaribio aliliandika katika daftari, hata lile lililoshindikana. Aya za daftari hizo, alizozitia namba, ni zaidi ya 16,000.

Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court. Alifariki huko tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini mwake. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, chini ya jiwe lisilo na mapambo.

Baba yake alifua chuma kwa nyundo na moto. Mwana alikitendea kazi chuma kwa umeme na vipimo. Utakapoiona tena sura yako katika usukani wa baiskeli, mkumbuke mwanagenzi aliyesoma vitabu alivyovishona, na uwakumbuke pia mafundi walioutia usukani ule mng'aro wake.

Jaribio: Kuchovya shaba

Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu. Usitumie umeme wa ukutani hata kidogo. Mrututu ni sumu: usiuonje, na unawe mikono baada ya kazi.

Vifaa: gilasi ya maji, kijiko kimoja cha chai cha mrututu, betri mbili za tochi, nyaya tatu za shaba, na penseli iliyochongwa pande zote mbili.

1. Yeyusha mrututu katika maji. Maji yatakuwa na rangi ya buluu.
2. Panga betri mbili zifuatane, kama zinavyokaa katika tochi.
3. Unganisha waya mmoja kutoka ncha hasi mpaka kwenye ncha moja ya penseli.
4. Unganisha waya wa pili kutoka ncha chanya mpaka kwenye waya wa tatu, uliosafishwa vizuri.
5. Tumbukiza ncha ya pili ya penseli na waya wa tatu ndani ya maji. Visigusane. Ngoja dakika 10.
6. Toa penseli uitazame. Ncha yake imekuwa na rangi gani?
7. Mpe mwalimu maji yaliyobaki ayahifadhi katika chupa yenye jina. Usiyamwage mtoni wala bustanini.

Maswali

1. Kwa nini usukani wa baiskeli haushiki kutu upesi kama jembe?
2. Faraday alitumia vitu gani kutengeneza betri yake ya kwanza?
3. Katika jaribio la kuchovya shaba, kathodi ni ipi, na anodi ni ipi?
4. Mkondo wa ampea 1 huweka karibu gramu 4 za fedha kwa saa 1. Je, utaweka gramu ngapi kwa saa 3?
5. Mambo gani mawili yaliyogunduliwa na Faraday yalizifaa karakana za kuchovya?
6. Kwa nini mafundi wa kuchovya kromiamu wanahitaji mashine za kuvuta hewa chafu?
7. Faraday aliandika hata majaribio yaliyoshindikana. Jadili na wenzako faida za desturi hiyo.
8. Tafuta vitu vitano vilivyochovywa metali nyumbani kwenu au shuleni. Andika katika daftari lako kipi kimechovywa kwa pambo na kipi kwa ajili ya ugumu.